Wasanii wa Mtwara na Lindi, aidia mnazitoa wapi? Kila ninachochora naona nishakiona mtandaoni

MchoraKuta_Chuno

Habari za humu wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi ni mchoraji nipo Mtwara mjini, Chuno. Kazi inayonilisha ni kuchora kuta za saluni, bucha, maduka ya dawa, vibanda vya chipsi na kuandika mabango, na msimu wa korosho ndo tunapumua maana hela inazunguka na kila mtu anataka duka lipakwe upya. Hiyo sina shida nayo, mteja anakuja na picha kwenye simu anasema nichoree hivi, unachora unalipwa mnaachana.

Shida ipo kwenye kazi zangu mwenyewe, zile ambazo hakuna mteja. Nataka nitoe picha za kwangu kabisa hata nikizipanga ukutani mtu aseme hii ni ya fulani. Sasa nikikaa mbele ya hadibodi kinachokuja ni kile nilichokiona Instagram jana, mara uso wa dada kavaa kilemba nusu una rangi nusu mweusi na mweupe, mara tembo na mbuyu na jua linazama, mara ule uso umepasuka maua yanatoka kichwani. Ikiisha inapendeza na watu wanasifia ila mi moyoni najua kabisa huyu siyo mimi. Na siyo kwamba sina cha kuangalia, kazi za watu naangalia mpaka bando linakata, muziki unalia muda wote nikichora, muvi ndo usiseme.

Sasa naomba kuuliza nyie mnaochora, mnaochonga, mnaopiga biti, mnaoshuti video, mnazitazamaje kazi za wenzenu wa sasa hivi mpaka zinawapa moto wa kufanya yenu na siyo kuishia kuwaiga? Na huku kwetu ambako sehemu za maonyesho ya sanaa unazitafuta kwa tochi, mnakwenda kuangalia wapi?

Mpingo_Newala

Marahaba mdogo wangu. Hilo kwenye kuchonga tunalo miaka yote. Pita popote wanapouza vinyago utamkuta mzee kashika fimbo, Mmasai na mkuki wake, na mti wa ujamaa watu wamebebana, vyote sura moja kwa sababu ndo mtalii anachonunua.

Ila kuna kitu vijana wengi hawakijui. Hata hizo stail wakati zinaanza zilikuwa ni vitu vya kisasa tu. Vinyago vya shetani hatukuachiwa na mababu, vilianza miaka ya 50 kule Dar kwa wachongaji wa Kimakonde waliohamia kutafuta maisha, na jina linalotajwa hapo ni Samaki Likankoa. Kabla yake watu wanachonga mtu ni mtu, halafu ghafla linatoka jitu lina jicho moja, sikio limeshuka limekuwa mkono, tumboni kuna tundu unaona upande wa pili. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema cha asili hakibadiliki mwambie akaangalie tena.

Halafu kamtafute George Lilanga, Mmakonde wa kusini hukuhuku, kazaliwa 1934 kafariki 2005. Kaanza na kuchonga, alipoingia Nyumba ya Sanaa Dar akashika rangi, na wale mashetani wake wa kwenye mti akawahamishia kwenye picha, bluu nyekundu njano zinapiga kelele. Ukimpata kwenye simu usipitishe kidole, vuta picha iwe kubwa ukae nayo. Masikio makubwa, midomo inaning'inia, miguu ina vidole vichache vinene, wamebanana hakuna sehemu iliyoachwa wazi. Na hao mashetani hawatishi mtu, wanaongea, wanacheza, wanagombana, ni uswahilini kabisa.

Sikuambii uchore mashetani ya Lilanga, wapo wanaoyachora mpaka kesho. Nakuambia tazama alichofanya, kitu ambacho mikono yake ilikuwa inakijua tayari kakipeleka sehemu nyingine. Mama Reinata Sadimba naye hivyohivyo, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, Mueda, aliyewahi kuishi huku Tanzania. Kufinyanga vyungu ni kazi ya kinamama toka zamani, yeye chungu chake kikaota kichwa, kikaota mikono, usoni kikachorwa chale zetu zilezile. Ni mama mtu mzima na kazi zake zimefika Ulaya.

Sasa wewe mikono yako inajua nini? Inajua HERUFI. Mtu wa mabango anaijua herufi kuliko sisi wote humu, anajua kuinyoosha kwa mkono bila rula, anajua kivuli chake kinakaa upande gani. Mbona hujaitaja hata kidogo kwenye maelezo yako? Umetaja vilemba na tembo.

Biti_za_Lindi

Kaka Mpingo nakuheshimu sana ila napingana kidogo hapo. Kijana usiogope kuiga. Sisi kwenye muziki bila kuiga hakuna kitu. Chukua singeli, wale wa Tandale na Manzese walichukua vipande vya taarabu na mchiriku wakavizungusha na kuvikimbiza mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kwenye kompyuta za kawaida tu za uswahilini, watu wanawacheka eti kelele. 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa albamu ya kazi za studio ya Sisso, dunia ikashtuka, leo wanapanda kwenye matamasha Ulaya. Waliiga, na hawajaficha wamechukua wapi, ila wameikamua ile sauti mpaka imekuwa nyingine.

Kwa hiyo kama umependa ule uso wenye maua we uchore, ila usiuache salama. Ukate, uugeuze chini juu, ubaki na kipande kimoja tu cha sikio. Anayeiga akaishia katikati ndo anaonekana kaiga.

Na huku kusini vitu vipo jamani, Harmonize si katokea Tandahimba hapo. Mimi kwenye simu nina faili la sauti tu nazokusanya, injini ya kivuko cha Kitunda ikiwashwa asubuhi, kinamama wanatwanga wawili kinu kimoja, na ninayoipenda kuliko zote ni wabanguaji wa korosho wa mkono wakiwa kundi. Kila mmoja ana kasi yake, tok, tok tok, tok, mwanzoni fujo tupu, ukisikiliza kama dakika mbili hivi yanaanza kuitikiana yenyewe na hakuna aliyepanga. Nimeweka chini ya besi na sijagusa kitu, prodyuza mwenzangu wa Dar ananiuliza hiyo ngoma umeipata kwenye programu gani.

We kama mchoraji jaribu hivi, chukua wimbo mmoja tu urudie siku nzima, maneno achana nayo, fuata ngoma. Wapi pamejaa, wapi pako kimya. Halafu uchore huo mpangilio kabla hujaamua unachora nini.

dada_batiki_Mikindani

Asalaam aleykum wote. Mie nitamleta mtu mmoja tu, Ibrahim Mahama. Ni kijana wa Ghana, wa Tamale, kazaliwa 1987. Anachukua magunia ya juti yaliyobeba kakao halafu yakabeba mkaa, anayashona pamoja mpaka anapata nguo ya kufunika jengo zima, mwaka 2015 alining'iniza kwenye maonyesho makubwa ya Venice kule Italia. Na magunia mapya hayataki, anampa mtu gunia jipya yeye anachukua kuukuu la huyo mtu, kwa sababu anataka lenye viraka na madoa na jina la mwenyewe.

Nilivyomwona huyo nikaanza kuyatazama magunia ya korosho ambayo nimekua nayo nyumbani wala sikuwa na habari nayo. Chukua moja uliweke juani ulitazame. Mdomo umeshonwa kwa mkono na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, mshono unaenda unarudi, na kila mshonaji ana mkono wake, kuna anayebana na kuna anayelegeza mwishoni kwa sababu kachoka. Jina la AMCOS, yani chama cha msingi cha wakulima, limepigwa kwa bati lililotobolewa, rangi nyeusi imevuja pembeni ya herufi. Juu yake mtu kaandika namba kwa maka peni, mwingine kaja kaifuta kaandika nyingine. Halafu chini kuna lile doa la mafuta ya ganda halitoki hata ufue vipi. Mkulima, chama cha msingi, ghala, mnada, wote wamelishika hilo gunia kabla korosho haijapanda meli ya Vietnam au India. Nikasema huyu wa Ghana kanionyesha kilichopo mlangoni kwangu.

Magunia sijafunika jengo wala sina mpango huo. Nilichofanya ni batiki zangu, nimeacha yale maua ya kwenye kitabu, nakata sponji kwa ule mshono wa shazia nachovya kwenye nta ya moto nagonga kitambaa, rangi ya kwanza ya udongo, ya pili kahawia iliyoiva. Wateja wangu wa huku wanajua mara moja ni nini, wanacheka wanasema dada umetuvalisha korosho.

Msumbiji pia yupo Gonçalo Mabunda, anachomelea vyuma vya silaha zilizobaki kwenye vita yao iliyoisha 1992, anatoa viti na vinyago vya usoni. Naye mtafute.

Banda_Umiza_Masasi

Wote mmesema vizuri, mi naongezea upande wa filamu maana naona imeachwa.

Sisi tumekulia banda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea muvi mtaani. Mnakumbuka zile muvi za kutafsiriwa kwa sauti, Lufufu akiwa ndo jina kubwa kuliko watafsiri wote? Wale walikuwa wabunifu wakubwa sana na hawapewi heshima yao. Muvi ni ya Hong Kong au India, jamaa anaingia na sauti yake, mhusika anapewa kabila, anapewa deni, anapewa shemeji asiyeelewana naye, mpaka inakuwa hadithi ya kwetu. Picha ni ileile hakugusa, kagusa kinachosikika. Hapo mchoraji una la kujifunza, siyo lazima ubadilishe kila kitu.

Njia yangu mimi, naangalia filamu mara ya kwanza kama watu wote, mara ya pili nazima sauti kabisa. Bila sauti ndo unaona taa imewekwa wapi na watu wamesimama wapi. Jaribu na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 50. Simamisha popote, tazama mwanga unaingiaje kwenye chumba na uso gani umeachwa kwenye kivuli. Mi nilivyotoka hapo nikaenda kukaa chini ya mawe yetu ya Masasi saa kumi na moja jioni na simu, naangalia tu kivuli cha mlima kinavyopanda kwenye nyumba za watu, na ndo ukawa mwanzo wa video yangu.

Ila dada batiki nimekuelewa vizuri, we umechukua mshono. Kuna mtu atasoma hapa kesho afunike ghala zima na magunia aseme kabuni, huyo atakuwa karudi kulekule kwa uso wenye maua.

MchoraKuta_Chuno

Aisee asanteni sana, nimesoma nimerudia. Kaka Mpingo umenipiga penyewe, herufi kweli sikuzitaja na nimeziandika maisha yangu yote.

Kuna maneno kila duka linaniomba niandike, kukopa harusi kulipa matanga, mali bila daftari huisha bila habari, na ikikaribia msimu kuna wale wanaotaka niandike madeni mwisho mnada wa kwanza. Hayo maneno ndo maisha ya huku kabisa, mtu anakula kwa daftari miezi na miezi akisubiri korosho. Nawaza niyaandike kwa herufi zangu za duka, kubwakubwa na vivuli vyake, lakini juu ya gunia lenyewe lililotumika, jina la AMCOS na namba za maka peni zibaki zinaonekana chini ya maandishi. Yani deni limeandikwa juu ya kitu cha kulilipia.

Swali dada batiki, rangi ya mafuta itakaa kwenye gunia? Naona lina matundu sana.

dada_batiki_Mikindani

Hapo umeongea kaka, hiyo fanya na usimuonyeshe mtu mpaka uwe nazo kadhaa.

Rangi ya mafuta usiipake moja kwa moja, itazama kwenye matundu na baadaye mafuta yanaozesha juti. Kwanza likung'ute, lifue kwa maji matupu, sabuni itakutoa zile namba. Likikauka livute kwenye fremu ya mbao ulipigilie misumari kuanzia katikati ya kila upande. Halafu gundi nyeupe ya mafundi seremala, ichanganye na maji nusu kwa nusu, paka mbele na nyuma, ikauke, rudia. Gundi hiyo ikikauka inaangaza kwa hiyo jina na madoa utayaona yote. Pale tu herufi zitakapokaa ndo unapaka rangi nyeupe ya maji kama msingi, kwingine acha wazi.

Magunia yaliyochanika ulizia kwa watunza ghala minada ikishaisha, mwanzoni mwa msimu hawakupi hata moja. Chagua ambalo mdomo haujafumuliwa wote.

Mpingo_Newala

Na herufi usichore kwanza kwa penseli. Andika kama unavyoandika dukani mteja kasimama nyuma yako.