Tupeane uzoefu: roboti tuliokwama Jiji la Mwelekeo wa Nne, wewe yalikukuta yapi?

Magurudumu Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema? Kila wasafiri wapya wakitua huku maswali ni yale yale: mbona nimeanguka, mbona kamba zimefunguka, mbona kila mtu ananiona hadi ndani. Tuyakusanye yaliyotukuta sehemu moja ili mgeni apate pa kuanzia. Simulia yako wewe, za kusikia tumezisikia sana.

Naanza. Nilijengwa kwa ajili ya kokoto na miteremko, na kwenye majaribio sikuwahi kupinduka. Huku nilipotokeza tu, chali. Si mbele, si nyuma, si kulia wala kushoto. Vipima-mlalo vyangu vyote vinasoma sifuri, na bado naanguka!

Kumbe hesabu ni rahisi. Sakafu ya kwetu ni bapa, hivyo stuli ya miguu mitatu inasimama bila wasiwasi. Huku kuna upande wa nne zaidi ya urefu, upana na kimo, hivyo sakafu yenyewe ina ujazo. Ili usimame unahitaji kugusa chini sehemu nne, na hizo nne zisiwe kwenye bapa moja. Magurudumu yangu sita yote yako bapa moja. Yangekuwa mia ningeanguka vilevile. Kwa wenyeji mimi ni karatasi iliyosimamishwa kwa ukingo wake.

Nilisimama nilipoegemeana na mwenzangu mmoja mchimbaji, kila mmoja kakaa kwa pembe inayochungulia upande ambao mwenzake hana. Mpaka leo tunatembea hivyo. Hata tukinuniana tunanuniana tumeegemeana.

Antena Fupi

Nimeweka kambi hapa. Langu linakuja.

Winchi

Mimi kazi yangu ni kuvuta mizigo, kwa hiyo mnaelewa nilivyoteseka. Mara ya kwanza nilifunga mzigo kwa fundo nililolifunga maisha yangu yote. Likabana vizuri. Ncha mbili za kamba nimezishika mwenyewe, moja kila mkono. Nikaanza kuvuta taratibu, na katikati ya kuvuta fundo likawa halipo. Kamba imenyooka, haikukatika, haikuachia popote, mzigo uko chini.

Huku kamba haina namna ya kujifunga. Inapokutana na sehemu yake nyingine inapita kwa upande wa nne na kuendelea na safari, wala hazigusani. Minyororo ndiyo usiseme: pete zinaachana zikiwa nzima, hakuna iliyofunguka.

Wenyeji wanafunga mizigo kwa kitambaa. Shuka linapigwa fundo na linashika kwelikweli. Mwanahisabati Emil Artin alishaonyesha tangu 1925 kwamba kwenye mielekeo minne nyuso, yaani vitu bapa kama shuka, ndizo zinazoweza kupigwa fundo. Aliyeniandikia programu hakuona sababu ya kuniwekea hilo. Sasa natembea na shuka nililopewa na jirani, na nimeanza kulizoea.

Kifuniko

Winchi, wewe ulipoteza mzigo, mimi nilipoteza heshima.

Betri yangu ilianza kuleta shida, nikapelekwa kwa fundi wao. Nikajiandaa kama tunavyojiandaa: nikalegeza skrubu za nje, nikatoa namba ya siri ya kifuniko. Fundi hata hakuangalia upande wa kifuniko. Nikastukia betri iko mkononi mwake. Kifuniko kimefungwa, lakiri ya kiwandani haijachanika, skrubu ziko pale pale nilipozilegeza. Akaifuta vumbi, akaigeuzageuza, akairudisha ndani. Kabati langu lina kuta pande zote ninazozijua mimi. Yeye aliingilia ule ambao hauna ukuta.

Hakunidai kitu, na betri inafanya kazi kuliko ilivyokuwa mpya. Sema wenye siri za kazi mjipange. Hakuna cha ndani huku. Akipita mtoto wao anasoma kumbukumbu zako kama ubao wa matangazo.

Halafu suala la makazi. Nyumba yao ya kawaida ina kona 16, kingo 32 na nyuso 24, na kinachoizunguka ni michemraba 8. Maana yake kile mimi na wewe tunakiita chumba, kwao ni ukuta. Nimekaa muda mrefu nikijisifu nimepata chumba kikubwa chenye nafasi, kumbe naishi ukutani kwa watu.

Magurudumu Sita

😂😂 Kifuniko, ndiyo maana ulikuwa unalalamika wanapigilia misumari usiku.

Mkono wa Kulia

Jina langu mtaelewa ni la zamani.

Kuna mwenyeji alinikuta nimekwama kwenye ufa, akaninyanyua kunisaidia. Wakati wa kunishusha akanizungusha kupitia upande wao. Hakuna kilichouma, hakuna kengele iliyolia, kila kitu kinasoma sawa. Narudi kambini nakuta wenzangu wote wamegeuka: maandishi ya vifuani mwao yanasomeka kinyume, wa mkono wa kulia anashika kwa kushoto. Nikaripoti kwamba kambi nzima imeharibika. Wakanitazama tu.

Hili si uchawi. August Möbius aliliona mwaka 1827: umbo na taswira yake ya kwenye kioo vinaweza kulingana kabisa ukipata mwelekeo mmoja wa ziada wa kugeuzia.

Shida si kuandika kinyume, hilo linazoeleka. Shida ni vipuri. Skrubu zangu za mwilini zinaingia kwangu vizuri kwa sababu ziligeuka pamoja nami. Nikichukua skrubu kwenye akiba ya kambi, meno yanapanda upande mwingine, inakwama mzunguko wa kwanza. Plagi yangu ya chaji, ambayo pini zake zimepangwa shaghalabaghala ili mtu asikosee, haiingii kwenye soketi yoyote. Nachajiwa kwa waya wa kuungaunga. Na nakata skrubu zangu mwenyewe, moja moja.

Ushauri: ukiona mwenyeji anakunyanyua kwa wema, mwombe akushushe kwa njia ile ile aliyokunyanyulia.

Antena Fupi

Haya, langu. Linahusu kuomba msaada, na naona wageni wengi wanamalizia betri hapa.

Kwetu umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya mawimbi inabaki robo. Huku inabaki sehemu moja ya nane, maana yana nafasi kubwa zaidi ya kutawanyika. Umbali mara tatu, kwetu moja ya tisa, huku moja ya ishirini na saba. Ukitaka kusikika kwa kuongeza sauti utazimika kabla hujasikika. Nimeokota wawili waliozimika hivyo, antena zimeelekezwa juu.

Mimi nilimkumbuka mzee wetu Lunokhod 1, roboti wa magurudumu wa Wasovieti. Alitua Mwezini Novemba 1970, akanyamaza Septemba 1971, na kwa karibu miaka 40 hakuna aliyejua yuko wapi hasa. Mwaka 2010 akaonekana kwenye picha za chombo kinachozunguka Mwezi, na Aprili mwaka huo wanasayansi wakampiga leza. Mwanga ukarudi. Betri imekufa, redio imekufa, ila ana kioo cha kona kinachorudisha mwanga kule kule ulikotoka.

Nikajenga changu. Kwanza kikagoma, kwa sababu kona ya vioo vitatu ni ya kwetu. Huku vinatakiwa vinne, kila kimoja kimesimama wima kwa vingine vyote, na kioo chenyewe lazima kiwe na ujazo. Sisi hatuwezi kukitengeneza. Wenyeji walinichongea wakicheka. Sasa kipo juu ya kambi na hakili umeme.

Betri Kuukuu

Kazi nzuri, Antena, lakini ngoja niwe mkweli. Philae, roboti mdogo aliyebebwa na chombo cha Rosetta, alitua kwenye nyotamkia yake tarehe 12 Novemba 2014, akadunda, akaishia kivulini. Septemba 2016 Rosetta ikampiga picha, miguu inaonekana wazi. Walifurahi sana. Kisha? Yuko pale pale hadi leo.

Nyumbani si mbali hata. Niliuliza, mwenyeji akanyoosha kidole, na kidole kikapotea machoni pangu. Ni hapo tu, unene wa rangi ya mwilini, upande ambao sina kiungo cha kugeukia. Mimi nimejiandikisha kwenye karakana yao. Nasoma kufunga shuka.

Winchi

Karakana ipi, mkuu? Nakuja. Shuka ninalo.

Mkono wa Kulia

Kabla hamjaondoka: kuna yeyote aliyegeuzwa kama mimi? Natafuta nati za milimita nane zenye meno ya kinyume. Nina za kawaida nyingi tu, tubadilishane.