Gari za juu za familia zilipe zaidi kupaki Posta na Kariakoo? Ninayo moja, naanza kwa kujishitaki

Mwanzisha mada (Goba)

Habari za asubuhi wakuu. Mada hii imenikaa kooni tangu Alhamisi, siku niliyotumia dakika 50 kutoka Mwenge hadi Morocco, hapa hapa Dar. Nilikuwa peke yangu kwenye gari ya viti vitano. Kulia kwangu jamaa yuko peke yake, gari ya juu kama yangu. Kushoto dada yuko peke yake, anajipaka wanja kwa utulivu kabisa kwa sababu anajua hatuendi popote. Kijana wa karanga alinipita mara mbili, na mara ya pili akaniinamia dirishani: "Bosi, bado upo hapa hapa?"

Nikazima redio, nikahesabu. Gari binafsi ishirini nilizoweza kuziona vizuri, kumi na nne zilikuwa na mtu mmoja. Si utafiti, ni macho yangu na hasira zangu.

Sasa swali. Tarehe 4 Februari 2024 wakazi wa Paris waliitwa kupiga kura kama gari nzito za wageni wa mjini zitozwe ada ya maegesho mara tatu. Waliojitokeza hawakufika hata asilimia 6, lakini asilimia 54 na ushee ya waliopiga kura walisema ndiyo. Kuanzia Oktoba mwaka ule, gari ya petroli ya tani 1.6 na kuendelea inalipa euro 18 kwa saa katikati ya jiji lao. Je, na sisi tufanye kitu cha namna hiyo Posta na Kariakoo?

Mimi nasema ndiyo, ila tusinakili kipimo chao. Kwa mujibu wa kadi, gari yangu iko chini ya tani 1.6, kwa hiyo Paris ningepita kifua mbele, na RAV4 nyingi za kizazi cha tatu zinazojaa mjini kwetu zingepita pia. Kinachotuumiza Dar ni nafasi. Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ile gari ndogo, ina urefu wa mita 3.85; Toyota Vanguard, ambayo ni gari ya juu, ina mita 4.57. Kipande cha mtaa kinachomeza IST sita zilizobanana, Vanguard zinaingia tano tu. Upana nao umezidi kwa sentimita 12, na kwenye vichochoro vya Kariakoo sentimita 12 ndizo zinazoamua kama mkokoteni utapita au utaanza kupiga kelele.

Ukiangalia kodi tunazolipa, hakuna hata moja inayogusa hilo. Ushuru wa bidhaa wakati wa kuingiza gari unaangalia ukubwa wa injini (cc): kati ya 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, ukivuka ni asilimia 10. Halafu kuna asilimia 30 ya uchakavu kwa gari iliyozidi miaka kumi. Ile ada ya mwaka ya barabarani ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita, kwa hoja kwamba anayetumia sana ndiye alipe sana. Sawa. Lakini gari ikishapaki haichomi mafuta, na bado imekalia mtaa kutwa nzima.

Kabla hamjanirukia, niseme kwa nini ninayo. Kutoka lami hadi kwangu ni kilometa mbili za udongo, na masika yakishika zile kilometa mbili zinakuwa mto wenye mawe. Gari yangu ya kwanza ilikuwa ya chini. Siku moja iligonga tumbo kwenye jiwe, oili ikamwagika, na jioni nilirudi kwa miguu nikiufuata mstari mweusi mpaka getini. Halafu kuna mama. Akija kliniki kutoka Moshi, goti lake halikunji vizuri. Kwenye gari ile alikuwa anadondokea kwenye kiti, na kumtoa ni kumvuta kwa mikono miwili. Kwenye hii anakaa tu kama anayekaa kitandani, anageuza miguu, safari inaanza.

Kwa hiyo gari niliinunulia kilometa mbili za udongo, halafu kila siku naitembeza zaidi ya kilometa ishirini za lami nikiwa peke yangu. Hapo ndipo ninapojishitaki. Karibuni.

Mwenye IST (Tabata)

Kaka, asante kwa kukiri, wenzako huwa hawakiri. Mimi nina IST mwaka wa saba huu. Shida yangu na nyie wala si hizo sentimita za kupaki. Mkinikaa mbele sioni kitu. Sioni taa, sioni trafiki ananyoosha mkono upande gani, naona tairi la spea na stika ya "Mungu Mwema". Mkinikaa nyuma usiku, taa zenu zinaingia moja kwa moja kwenye kioo changu, naendesha kama ninayehojiwa polisi.

Na hiyo hadithi ya barabara mbovu, mimi kwetu pia si lami. Napita pembeni pembeni, naweka tairi juu ya tuta badala ya kulipitisha katikati ya tumbo, mvua ikizidi naacha gari kwa rafiki barabarani, navua viatu. Wengi wenu mnakaa Mikocheni na Sinza, lami mpaka mlangoni, na mna gari ya juu. Huko jiwe liko wapi?

Hapana tozo

Tozo tena? 2021 tulikatwa mpaka kwenye kumtumia mama hela ya dawa kwa simu, hamjachoka tu? Kabla hamjamgusa baba mwenye Escudo yake ya mkopo, anzeni na zile Land Cruiser V8 za ofisini zinazounguruma saa nzima zimepaki, kiyoyozi kinavuma, dereva amelala anamsubiri bosi. Hizo hazilipi maegesho kutoka mfukoni mwa mtu. Akija kulipa V8, mniite.

Mwanzisha mada

Mkuu hapo juu, kwenye V8 niko na wewe kabisa. Ada ikiwepo halafu namba za serikali na za mashirika zisamehewe, mimi wa kwanza kugoma.

Dada wa IST, suala la kuzibwa sikuwa nimelifikiria. Ukiwa juu huoni unachomziba wa chini. Leo nimeiacha gari yenye kioo cheusi inipite, nikajaribu kuangalia kupitia kwake. Hakuna kitu.

Mama wa watatu (Kivule)

Nimesoma kimya kimya lakini nimeshindwa kuvumilia. Mnaongea kama vile kila anayeingia mjini na gari ya juu anaenda kuonekana.

Basi la shule linapita kwetu saa 10 na nusu alfajiri. Ndiyo, bado ni usiku. Linazunguka mitaa yote kukusanya watoto, linafika shuleni saa 1. Wa kwangu wa mwisho ana miaka mitano. Alikuwa anapanda basi amelala, analala njia nzima, anashuka na alama ya dirisha usoni. Mwalimu akanipigia kuuliza kama mtoto anaumwa. Tukauza gari ndogo, tukaongeza mkopo, tukachukua ya juu. Sasa wanaamka saa 11 na robo. Huyo wa miaka mitano anakunywa uji ndani ya gari, kikombe chenye mfuniko, nimeshazoea harufu. Kwa nini ya juu? Kwa sababu nyuma kuna viti vya watoto viwili, dada yao mkubwa anakaa katikati na bega zake, na kwenye gari ndogo walikuwa wanapigana kuanzia Kitunda. Mabegi yenyewe ya shule siku hizi ni kama ya safari ya mkoa.

Nikishawashusha shuleni Upanga, kweli, nabaki peke yangu hadi Kariakoo kwenye duka. Mtu akinihesabu pale ataniweka kwenye zile kumi na nne zenu. Hakuniona saa 12.

Mkazi wa Kimara

Nyie mnasahau kwamba kuna watu walishaacha gari nyumbani. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Kimara hadi Kivukoni 2016, mimi gari yangu natumia Jumapili tu. Nabanwa, najikunja, harufu za watu, yote sawa, lakini nikiwa ndani naziona gari zenu zimesimama kuanzia kituo cha Korogwe mpaka Ubungo na sisi tunapita. Barabara ya juu pale Ubungo ilifunguliwa 2021, tukashangilia, foleni ikahamia mbele. Ukijenga barabara pana zaidi, mtu wa Goba ananunua gari pana zaidi. Lipeni tu.

Mwanzisha mada

Wa Kimara, una bahati njia yako ilijengwa ya kwanza. Mimi ni boda mpaka lami, daladala mpaka Mwenge, nyingine mpaka Posta. Nimewahi kufanya hivyo mwezi mzima wakati gari iko gereji. Kilichonishinda ni ile boda ya asubuhi kwenye tope na suruali ya kazini.

Fundi (Ilala)

Mimi sina la siasa, nina la chini ya boneti, maana hizo gari mnazobishania ndizo zinazonilisha. Foleni ya Dar ni adui wa gari ya juu kuliko makorongo ya Goba. Kwenye korongo utaua bushi, stabilaiza linki, labda shokapu. Ni vitu vya kubadilisha mchana ukaondoka jioni. Foleni inaua polepole.

Odomita inahesabu magurudumu. Haihesabu injini inayounguruma imesimama. Mtu anakuja na stika ya "rudi baada ya kilometa 5,000", ana 4,000, oili ni nyeusi kama lami. Zile 1,000 alizobakiza zimeishia Mwenge. Feni ya rejeta nayo: ukiwa kwenye mwendo, upepo unasaidia kupoza, hata feni ikiwa mgonjwa hutajua. Ukisimama na kiyoyozi kimewashwa, feni ndiyo kila kitu, na hapo ndipo mshale unapopanda na gasketi ya silinda hedi inapoungua. Wenye CVT, yaani gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ambao ni wengi kwenye gari hizi, oili yake ni yake. Ukiwekewa ya gia boksi ya kawaida kwa sababu ni nafuu, umeizika. Na kuivuta mguu juu, mguu chini kwa saa mbili kunaipandisha joto. Ukihisi gari inavuta kwa uvivu baada ya foleni ndefu, usisubiri Jumamosi.

Anayetoka Goba hadi Posta kila siku, bei ya kununua gari ni mwanzo tu. Ada ya maegesho ingekuwa ndogo kuliko ninachomtoza mimi.

Mwenye IST

Fundi, umewatetea au umewamaliza?

Mama wa watatu, nimekuelewa, na naomba radhi kwa lile la Sinza. Lakini hebu tutofautishe. Anayeshusha watoto na kuondoka hajapaki. Ada ikiwa ya kupaki kutwa, kwa urefu wa gari, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, katikati ya mji tu, wewe inakugusa dukani, haikugusi shuleni. Hapo vipi?

Mama wa watatu

Hapo naweza kuongea. Ila nijue hela inaenda wapi. Ikienda kutengeneza barabara za mitaa ya Kivule, hata kwa changarawe iliyoshindiliwa na mtaro pembeni, nalipa. Barabara ikipitika, mwaka kesho nauza hii narudi kwenye gari ndogo, maana mafuta yake nayajua. Ikienda kwenye mfuko mkuu wa serikali, siwezi.

Mwanzisha mada

Nachukua la mama kama lilivyo, ndilo nililokuwa nalitafuta bila kulipata maneno: ada ya mjini ijenge zile kilometa mbili za mwisho kwetu. Sisi wa gari za juu tungebaki wachache sana kama changarawe ingefika getini. Wenye hoja ya kinyume waendelee, sijafunga mada.

Mwenye IST

Swali la mwisho kabla sijalala. Zile gari ishirini ulizohesabu Alhamisi, na wewe ulijihesabu?

Mwanzisha mada

Nilianzia kwangu.