Naomba ushauri: brigedi ya Kongo na uhalali wa walinda amani

Habari wakuu, hasa wanasheria. Naandika tasnifu ya shahada ya sheria na nimekwama.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa hautaji "ulinzi wa amani" popote. Mwaka 1962, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti zilipogoma kulipia vikosi vya Suez na Kongo, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kwa majaji 9 dhidi ya 5 kwamba gharama zile ni za Umoja. Hapo naelewa.

Kinachonitesa ni azimio 2098 la Baraza la Usalama la 2013, lililounda brigedi ya kushambulia waasi mashariki mwa Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Huyu anayetumwa kushambulia, bado sheria inamlinda kama raia, au tayari ni mpiganaji? Nikikumbuka vijana wetu wa Tanzania waliouawa Semuliki, huko mashariki mwa Kongo, Desemba 2017, siwezi kuliandika swali hili juujuu.

Msimamizi wangu anataka nilinganishe vikosi vingi. Mimi natamani nibaki na brigedi hii peke yake. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Na je, nianzie mkataba wa 1994 wa usalama wa watumishi wa Umoja wa Mataifa, au sheria za vita za Geneva?