Pampu haizimi usiku, na simu inasema imezima. Nimechoka na gumboti

Mama wa Ploti, Kisumu

Hamjambo. Naandika saa kumi alfajiri kutoka Manyatta, miguu iko ndani ya gumboti, na gumboti hizo ndizo zilizonileta hapa.

Nina ploti ya vyumba 6 vya kupangisha. Juu ya mnara wa chuma kuna tangi la lita 5,000, chini kuna tangi la zege linalopokea maji ya mfereji siku yanapokuja. Katikati yao pampu ya hospawa moja. Miaka yote nimeiwasha kwa mkono na kuizima nikisikia maji yakianguka kwenye mabati ya choo. Mabati ndiyo yalikuwa kengele yangu. Kijana wangu aliye chuoni Maseno alipokuja likizo alicheka sana, akanifungia mtambo: bodi ndogo ya ESP8266 (kikompyuta chenye waifai), moduli ya relei moja (swichi inayoamriwa na bodi), ile yenye kijisanduku cha buluu cha volti 5, chaja kuukuu ya simu ya kuilisha, na floti moja, swichi inayoelea, ndani ya tangi la juu. Floti ikishuka, relei inawasha pampu. Ikipanda, inakata. Simu yangu inanionyesha yote. Miezi 4 nilitembea kifua mbele.

Sasa kuna mambo mawili, au labda ni moja, sijui. Tangi likikaribia kujaa relei inaanza kulia ta-ta-ta-ta kama karani wa zamani na taipureta yake. Pampu inanguruma, inakata, inanguruma tena, dakika moja hivi, kisha kimya. Hilo nimelizoea. La pili ndilo linaloniua: wiki hii mara 3 pampu imekataa kabisa kuzima. Simu inasema imezima. Pampu inaendelea kusukuma. Mara ya mwisho maji yalishuka hadi nyuma ya chumba cha 4, ambako mpangaji wangu alikuwa amefunika omena (dagaa) yake kwa turubai. Omena iliyokauka siku 2 ikarudi ziwani. Nimelipa karai zima.

Nimebadilisha chaja. Nimenunua moduli mpya, ikakaa siku 9, ugonjwa ukarudi. Floti nimeipima kwa multimita: ikiwa chini inalia, ikiwa juu inanyamaza, sawasawa. Kijana ana mitihani, simsumbui. Fundi niliyemwita aliangalia sanduku akasema, "Hii ni mambo ya kompyuta, mama," akachukua mia tano ya nauli.

Na nikiwa bado hapa: taa ya njia ya choo, ile inayowaka mtu akipita, siku hizi inawaka na kuzimika usiku kucha bila mtu. Wapangaji wameanza kusema maneno.

Mwana wa Bungoma

Weka relei ya ampea 30, kwisha. Hizo za buluu ni za ampea 10, ni ndogo. Yangu inaendesha taa za banda la kuku mwaka wa 2 sasa, haijawahi kunisumbua.

Fundi wa Kiti, Nakuru

Mama, pole kwa omena. Usinunue kitu chochote kabla hujanijibu hili. Moduli nyingi zina taa 2 ndogo: moja inaonyesha tu kwamba stima ipo, nyingine inawaka relei inapovutwa. Pampu ikikataa kuzima, hiyo ya pili imewaka au imezimika? Usibahatishe, subiri itokee uione kwa macho.

Ukikuta imezimika na pampu bado inanguruma, chukua mpini mkavu wa plastiki ugonge kijisanduku cha buluu polepole, kama unavyogonga yai. Mkono usiingie ndani. Skrubu za upande wa pampu zina volti 240 na hazina huruma.

Mama wa Ploti, Kisumu

Imetokea usiku wa kuamkia leo, saa nane. Taa ya pili: imezimika, giza. Pampu: inanguruma. Nimechukua mwiko wa plastiki wa kupakulia wali nikagonga mara mbili. Mara ya pili, tak! Pampu ikanyamaza.

Nimesimama pale na mwiko wangu kama mchawi. Sasa niambieni nimefanya nini.

Fundi wa Kiti, Nakuru

Umeachanisha pointi zilizoungana. Ndani ya kijisanduku kuna vipande 2 vya madini vinavyogusana ili kupitisha stima. Bodi ilipotoa amri ya kuzima, koili (waya uliozungushwa unaovuta pointi kwa sumaku) iliachia, na ndiyo maana taa ilizimika. Lakini pointi zilikuwa zimeyeyuka kidogo na kushikana, kama zimechomelewa. Springi yake ni nyembamba, haina nguvu ya kuzing'oa. Mwiko wako ulikuwa nayo.

Simu haikukudanganya pia. Inakuambia amri iliyotolewa. Kama pampu imetii au la, haina jicho la kuona.

Kwa nini zinaungana? Pampu ya hospawa moja ikiwa inazunguka inakula kama ampea 5. Lakini ile sekunde ya kuondoka, mota ikiwa bado imesimama, inaweza kuvuta mara 5 hadi 7 ya hizo. Tuseme inafika ampea 30 hapo. Na "10A" iliyoandikwa juu ya relei ni ya mzigo mtulivu, kama hita. Ndugu wa Bungoma, taa za kuku si pampu. Hata relei ya ampea 30, soma maandishi yake madogo: mara nyingi 30 hiyo ni ya hita, ya mota ni chini ya hapo. Itakaa miezi mingi kuliko ya sasa, kisha itashikana vilevile.

Kinachotakiwa ni kontakta, relei kubwa ya kubeba mizigo mizito. Kelele yake utaijua ukipita karibu na posho mill. Tafuta yenye koili ya volti 240 na uwezo wa mota, ulioandikwa AC-3, sio AC-1. Relei yako ndogo itabaki na kazi ya kuamsha koili ya kontakta tu, mzigo mdogo sana. Kontakta ndiyo itakayopambana na pampu.

Lakini bado siridhiki. Pampu ya kawaida huwashwa mara 2 au 3 kwa siku. Relei mpya kufa siku ya 9 ni mapema mno. Hiyo ta-ta-ta yako uliyosema umeizoea ndiyo inayonisumbua. Kila "ta" ni pampu kuondoka upya, ampea 30 nyingine juu ya pointi zilezile zikiwa bado moto. Kwa nini floti inatetemeka?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Naomba kuingilia. Mama, panda mnara uangalie bomba la kuingizia maji liko wapi na floti inaning'inia wapi. Mimi nilikuwa na kisa hicho hicho hapa Lurambi. Bomba lilikuwa likimwaga maji kutoka juu, futi 1 kutoka kwenye floti. Tangi likijaa mawimbi yanaipiga floti chini-juu, chini-juu, na bodi inatii kila wimbi kama mtoto mtiifu kupita kiasi.

Pia angalia waya wa floti umepita wapi. Kama umefungwa pamoja na waya wa pampu mita nyingi, unaokota kelele za stima. Ile rezista ya ndani ya bodi inayoshikilia juu volti ya pini (mguu wa bodi unaosoma floti) ni dhaifu. Mwambie kijana aongeze ya nje, kilo-om 4.7 kwenda kwenye volti 3.3, na kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 kutoka pini kwenda hasi. Nilifanya hivyo na bodi yangu ikaacha kuota ndoto za mchana.

Mama wa Ploti, Kisumu

Mwalimu, nimepanda. (Mwaka ujao natimiza 60, na mnara huo si mfupi.) Bomba na floti vimekaa bega kwa bega. Waya wa floti umefungwa kwa tepu nyeusi pamoja na wa pampu kutoka juu hadi chini, umenyooka vizuri, umependeza macho. Kijana wangu alitaka kazi iwe safi.

Relei ya zamani nilikuwa sijaitupa. Nimeipasua kwa wembe. Pointi moja ina kishimo cheusi, mwenzake ana kichuguu kilichoingia ndani ya kishimo hicho, kama jino na pengo lake. Nilidhani ningeona kitu kilichoungua chote. Ni nukta tu, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nukta hiyo imenila karai la omena.

Fundi wa Kiti, Nakuru

Ndiyo hiyo. Sasa fanya kwa mpango huu, na sehemu ya volti 240 umwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, sio wa nauli.

Bomba la kuingizia lishushwe kwa kipande cha PVC hadi chini ya usawa wa maji, mawimbi yaishe. Toboa tundu dogo juu ya kipande hicho, ndani ya tangi, ili maji yasirudi nyuma pampu ikizima. Floti ihamishwe upande wa pili. Ongeza floti ya pili chini: pampu iwashwe ya chini ikishuka tu, izimwe ya juu ikipanda, na katikati hapo bodi isifanye lolote. Kwenye programu, floti ihesabike imebadilika ikiwa imetulia sekunde 10, na pampu ikizima isiwashwe tena kabla ya dakika 5.

Kisha jambo ambalo vijana wetu hulisahau. Weka floti nyingine juu kabisa, ile ya kawaida ya pampu yenye waya wake uliozibwa kiwandani, ikate koili ya kontakta moja kwa moja bila kupitia bodi. Bodi ikigoma, waifai ikipotea, relei ikishikana, maji yakifika pale koili inakosa stima. Na kama tangi la zege likikauka pampu ikizunguka bila maji itaharibika sili, kwa hiyo hata huko chini iwepo floti inayoizuia.

Ukiongeza ovalodi (kinachokata stima mota ikivuta kupita kiasi) kwenye kontakta, iseti kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha pampu. Na kwa kuwa stima yako ni ya fezi moja, fundi apitishe laivu kwenye njia zote 3 za ovalodi, iingie na kutoka kama uzi kwenye sindano. Wengi hupitisha njia moja, halafu wanashangaa inajikata ovyo.

Kati ya ncha mbili za koili ya kontakta weka rezista ya om 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 iliyoandikwa X2, zikiwa zimeungwa mfululizo. Bila hizo, koili ikiachia inatema cheche ya stima inayoweza kuizubaisha bodi.

Mvuvi wa Dunga

Mimi pampu sijui, lakini hiyo taa ya choo naijua. Mama, ni wadudu wa ziwa. Wiki ile walikuja kama moshi, hata chai hunywi bila kufunika kikombe. Taa inawaka, wadudu wanakuja, wanatambaa juu ya kile kioo cheupe cha kihisi, kihisi kinasema "kuna mtu", taa inawaka tena.

Fundi wa Kiti, Nakuru

Mvuvi amemaliza. Kihisi kile kinaona joto linalosogea. Mdudu akiwa mbali si kitu, akitambaa juu ya lenzi anakuwa mkubwa kama ng'ombe. Mjusi wa ukutani naye vivyo hivyo. Pangusa lenzi, hamisha kihisi mita 1 au 2 kutoka kwenye balbu, na uweke balbu ya mwanga wa manjano, hiyo haiwavuti sana. Kihisi kikiwa karibu mno na balbu, hata joto la balbu yenyewe likipanda na kushuka linaweza kukidanganya.

Mwana wa Bungoma

Nimekubali kuhusu relei. Nimeenda kuangalia ya kuku, kumbe feni pia nimeiunga humo. Naitoa leo.

Mama wa Ploti, Kisumu

Narudi baada ya siku 16.

Fundi mwenye leseni alikuja, akaonyesha kadi yake kabla sijaiomba. Kontakta imefungwa, floti ya ziada iko juu kabisa. Bomba limeshushwa. Kijana alimaliza mitihani Ijumaa, Jumamosi akaja kupasua tepu yake nyeusi mwenyewe, uso umemwanguka kidogo, nikampikia kuku. Waya wa floti sasa unapita upande wa pili wa mnara. Programu ameibadilisha akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kompyuta iko magotini.

Jumatatu tulijaribu kwa makusudi: tukachomoa bodi tangi likijaa, tukashikilia relei iwe kama imeshikana. Maji yakafika kwenye floti ya juu, kontakta ikaachia. Mabati hayakupata hata tone.

Ta-ta-ta imekwisha kabisa. Taa ya choo imetulia tangu nilipoweka balbu ya manjano, ingawa chumba cha 2 wanasema njia sasa inaonekana kama baa.

Limebaki moja. Kontakta ikivuta inapiga kluk ya nguvu, na sanduku liko kwenye ukuta wa chumba cha 1. Mpangaji ameniuliza mara 2 ni nani anayefunga mlango saa kumi alfajiri. Nimepata kipande cha tairi kuukuu, kesho nitakiweka nyuma ya sanduku.