Mjadala: Je, wakandarasi wa kuondoa theluji walipwe kwa rekodi za setilaiti?

Katika nchi zenye baridi kali, magari ya kusukuma theluji na kumwaga chumvi barabarani yanazidi kufungwa vipokezi vya setilaiti vinavyorekodi gari lilipo, na wapo wanaotaka mkandarasi alipwe moja kwa moja kwa kadiri ya kilomita na tani zinazoonekana kwenye rekodi hizo. Vipokezi naviunga mkono. Malipo ya namna hiyo nayapinga, na ningependa wanaoyatetea wanijibu.

Sipingi kwamba kuna mahali ambapo setilaiti haina mbadala. Kwenye njia ya mlimani ya Thompson Pass huko Alaska, ambako majira ya baridi ya 1952–53 yalileta zaidi ya mita 24 za theluji, dereva anaweza kujikuta haoni hata ukingo wa barabara, na kumwongoza kwa GPS hapo si anasa. GPS ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, kosa linalotosha kulitumbukiza gari bondeni, kwa hiyo huhitaji masahihisho ya ziada. Ila gharama ya usahihi inashuka, kwani Galileo, mfumo wa Ulaya unaofanana na GPS, umekuwa ukitoa bure, tangu Januari 2023, huduma inayolenga usahihi wa takriban sentimita 20.

Lakini kipokezi hueleza gari lilipita wapi na saa ngapi, na kikiunganishwa na mtambo wa kumwagia, chumvi kiasi gani ilitoka. Hakisemi kama barafu iliyeyuka. Chumvi ya kawaida hupungua nguvu sana baridi inapozidi nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, hivyo tani ileile inayosafisha barabara leo inaweza kuwa bure kabisa kesho, na rekodi zikafanana. Anayelipwa kwa tani atamwaga tani, na chumvi hiyo itaishia kwenye vijito na kwenye vyuma vya madaraja. Dereva mzoefu, anayechelewa kwa makusudi kwenye kona yenye kivuli kwa sababu anajua huganda mapema, ndiye atakayeonekana mvivu.

Wengine watasema basi setilaiti zitazame lami yenyewe. Setilaiti za hali ya hewa za Meteosat hupiga picha kila baada ya dakika chache, lakini nukta moja ya picha ya joto hufunika kilomita nzima au zaidi, na mawingu, ambayo ndiyo yaletayo theluji, huziba joto la ardhi lisionekane. Rada ya setilaiti ya Sentinel-1 hupenya mawingu na giza, ila hurudi mahali palepale baada ya siku kadhaa, ilhali barabara huweza kuganda ndani ya saa moja. Picha hizo zina faida kwa mtabiri, anayeona anga likifunguka usiku, akajua lami itapoteza joto haraka, na kuagiza chumvi imwagwe kabla ya barafu kushika. Kuthibitisha kazi ni jambo jingine, na hapo vitambuzi vilivyofukiwa kwenye lami bado vinahitajika.

Pendekezo langu ni kwamba zabuni ipime hali ya lami saa kadhaa baada ya theluji kukoma, na rekodi za setilaiti zitunzwe kwa ajili ya madai ya ajali na hesabu ya chumvi. Anayeona vinginevyo anieleze: gari likipita kwenye korongo lenye kuta ndefu na mawimbi yakapotea, kilomita hizo atazilipia nani?