Mrejesho: Ansible imepita, Prometheus inaziona seva zote

Ahsanteni sana wakubwa. Niliuliza kwa nini Ansible (zana ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja) ilikuwa ikikwama kusakinisha node_exporter (programu inayotoa vipimo vya seva) kwenye seva zetu za Ubuntu, Nyali na Changamwe, na kwa nini Prometheus (mfumo wa kufuatilia hali ya seva) iliziona zimekufa ilhali zi hai.

Kukwama kulitokana na unattended-upgrades, huduma ya Ubuntu inayosasisha programu yenyewe: seva mpya ikiwaka, huduma hiyo hushika kufuli la dpkg (kisakinishi cha pakiti), na mwingine hawezi kusakinisha hadi iliachie. Moduli ya apt ya Ansible, inayosakinisha pakiti, husubiri sekunde 60 tu, kisha hufeli. Nimeweka `lock_timeout: 600`, ikapita. Pakiti ni `prometheus-node-exporter`. Huja na huduma yake ya systemd (kiendesha-huduma cha Linux), kwa hiyo msihangaike kuandika faili lenu la huduma.

La pili, seva kuonekana zimekufa, lilitokana na ufw (ngome ya mtandao ya Ubuntu) kuizuia Prometheus. Fungueni mlango (port) 9100 wa node_exporter kwa IP ya seva ya Prometheus pekee, maana node_exporter kwa kawaida haidai nywila:

`ufw allow from 10.0.0.5 to any port 9100 proto tcp`

Tahadhari ya `up == 0` (seva haijibu) ipeni `for: 5m` (ingoje dakika 5 kwanza), la sivyo kila mtandao ukiyumba mtaamshwa usiku bure. Na kwa joto hili la Mombasa, fuatilieni `node_hwmon_temp_celsius` pia. Kwenye seva pepe mara nyingi haionekani, kwa kuwa vihisi havipo.