Naomba ushauri: makala kwanza au mitihani ya aktuaria?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Malindi, nafundisha chuo kikuu sayansi ya aktuaria, yaani hesabu za bima na pensheni. Nataka kuomba nafasi ya mhadhiri mwandamizi.

Uzamivu ninao, miaka ya kufundisha ipo, na wanafunzi wa uzamili niliowasimamia wamehitimu. Kinachopungua ni makala kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Ninayoandika sasa yanahusu bima ya wavuvi wa hapa kwetu: mwenye mashua achangie kiasi gani ili alipwe kusi ikivuma na bahari ikawa haiendeki? Kazi hii naipenda mno, na data yake naikusanya mwenyewe pale bandarini, mvuvi kwa mvuvi.

Lakini pia sijamaliza mitihani ya Institute and Faculty of Actuaries, chama cha wataalamu wa aktuaria cha Uingereza. Ada yake ni pauni, na kila karatasi yataka miezi ya kusoma. Yote mawili kwa pamoja siyawezi.

Waliowahi kukaa kwenye kamati za kuajiri, nisaidieni: ufelo wa aktuaria, yaani cheo kinachopatikana kupitia mitihani hiyo, una uzito gani mbele ya makala? Na mkuu wa idara akikuta mitihani nusu, huihesabu?